Nimekataa jaboya, samaki sipati, na sasa hata kuomba kunanishinda

Mama Samaki, Kisumu

Bwana asifiwe wapendwa.

Watoto wamelala ndio nimepata nafasi ya kuandika. Naomba anayesoma asinirushie aya moja kisha aende zake. Aya ninazijua. Nimelelewa kanisani, naimba kwaya, na kila Jumapili niko kwenye ibada ya kwanza kabla ya kukimbilia Kibuye, kwa sababu Jumapili ndiyo siku kubwa ya soko na karo haijui kwamba leo ni Sabato.

Mimi ni mjane. Mume wangu alifariki mwaka ule wa korona, ingawa si korona iliyomchukua. Nauza samaki: mbuta, ngege, na omena msimu ukiwa umefunguliwa. Nanunua kwenye ufuo mmoja nje ya mji ambao sitautaja, maana wanaonijua huko ni wengi.

Wasiojua mambo ya huku Ziwa Victoria niwaeleze kidogo. Samaki wamepungua. Magugu maji yakifunga ghuba mashua hazitoki, na hata yakisukumwa na upepo, nyavu zinarudi na kidogo. Wanawake wanaongoja ufuoni ni wengi, mzigo ni mdogo, kwa hiyo mvuvi ndiye anayechagua nani atauziwa. Na wengi wanamchagua yule wanayelala naye. Hiyo ndiyo jaboya. Samaki hupewi bure, watu wasidhani hivyo. Pesa unalipa kama kawaida. Mwili unautoa ili upate ruhusa ya kulipa.

Asubuhi inakuwa hivi. Kunapambazuka, mashua zinaonekana kwa mbali, sisi tunapandisha leso na kuingia majini hadi magotini na mabeseni yetu. Mashua ikigusa mchanga, unaona macho ya mvuvi yakitafuta mtu. Yanakupita. Beseni la jirani yako linatiwa mbuta mzima, matamvua bado mekundu, na wewe unaambiwa, "Wameisha mama, jaribu kesho," huku mkia mwingine unauona umetokeza chini ya turubai. Unabaki na wale waliolegea macho, ambao jua la saa sita likiwapata sokoni hakuna mteja atainama kuwatazama.

Kuna mwenye mashua mmoja. Si mlevi wala si mtu wa matusi. Angekuwa mtu mbaya ningemfukuza na mambo yaishe. Ananisalimia vizuri, anauliza mtoto wa sekondari anaendeleaje, na siku moja alinibebea beseni mpaka kwenye pikipiki. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi naweza kukuwekea mzigo kila asubuhi, hutakosa. Lakini mtu hawekewi hivi hivi tu." Hakuongeza neno. Sikumjibu. Nilifunga beseni kwa kamba nikapanda pikipiki nikaondoka, na siku zilizofuata nikawa nasimama mbali na mashua yake.

Niseme ukweli mbele za Mungu, kinachonivuta si samaki peke yake. Nyumba ya mjane ina ukimya wake, na mtu akikuuliza habari za watoto wako kama anayejali, moyo unageuka upande huo kabla hujautuma.

Hatari ya mwili naijua. Kaunti hizi zetu za ziwa, Homa Bay, Kisumu, Siaya na Migori, ndizo zinazoongoza Kenya kwa virusi vya Ukimwi, na wako wanawake niliosimama nao majini ambao nimeshawazika. Hilo halinihitaji kuelezwa. Kukataa nimekataa na bado nakataa.

Swali langu ni lingine. Wale waliokubali, watoto wao wako darasani. Mmoja tunaimba naye sauti ya kwanza. Juzi alisimama akatoa ushuhuda kwamba Bwana amemfungulia biashara, kanisa zima likapiga makofi. Nami nilipiga. Wiki hiyo hiyo wangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Usiku nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasema "Baba," halafu maneno yakakauka. Nikajiuliza, hivi ninasema na nani? Wazo kama hilo halikuwahi kunijia maishani, hata siku tunamzika mume wangu. Sasa linanijia kila nikifungua Biblia.

Nilimweleza mchungaji. Akaniambia nifunge na kuomba, na nichunguze kama kuna dhambi iliyofichika. Nilifunga. Lakini kufunga kwa mtu ambaye sufuria yake imejaa, na kufunga kwa mtu ambaye angelala njaa hata bila kufunga, Mungu mwenyewe anajua tofauti yake.

Kwa hiyo nawauliza mliopita hapa. Mtu akikataa dhambi lakini hamsikii Mungu tena, hiyo bado ni imani? Mlishikilia nini? Na kuna aliyeikwepa jaboya na bado akaendelea kula kwa kazi ya samaki?

Mtumishi, Bungoma

Amina dada, usikubali kabisa. 1 Wakorintho 10:13 inasema Mungu ni mwaminifu, hatawaacha mjaribiwe kupita mwezavyo, lakini pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea. Simama na neno hilo. Lakini pia nikuonye kwa upendo: shaka ni mlango wa adui. Ukiipa nafasi itakula imani yote. Likija wazo hilo la "nasema na nani," likemee kwa jina la Yesu papo hapo, wala usilieleze kwa watu. Amka usiku wa manane uombe. Ninakuweka kwenye maombi yangu.

Nyanya wa Obunga

Mtumishi, aya uliyotoa nimeishi nayo, Mungu akubariki kwa kuitaja. Ila huyu mtoto usimwogopeshe. Ukimwambia asiseme, atakaa na wazo hilo peke yake gizani, na huko ndiko litakakokua.

Binti yangu, fungua Zaburi ya 73. Aliyeiandika ni Asafu, na Asafu alikuwa mtu wa kuimba kama wewe. Daudi ndiye aliyemweka na ndugu zake mbele ya sanduku la Bwana, utakuta katika 1 Mambo ya Nyakati 16. Kiongozi wa waimbaji, na tazama anavyosema: "Nami miguu yangu ilikuwa karibu na kupotoka, hatua zangu zilikuwa karibu na kuteleza." Kwa nini? Aliwaona wasio haki wakistawi. Halafu anafika mstari wa 13 na kutamka lile ambalo wewe umeogopa kulitamka: "Hakika nimejisafisha moyo wangu bure." Bure! Mtu wa hekaluni anasema usafi wake ulikuwa kazi ya bure. Na neno hilo limeachwa ndani ya Biblia, likaimbwa na watu wa Mungu katika ibada, hakuna mzee aliyelifuta.

Endelea mpaka mstari wa 23, hapo ndipo pa kukaa: "Walakini mimi ni pamoja nawe daima, umenishika mkono wa kuume." Umeuliza tulishikilia nini. Soma polepole uone nani anamshika nani. Asafu hasemi kwamba yeye alishika. Mimi nilipofiwa na watoto wangu kulikuwa na majira marefu ambayo sikuwa na nguvu ya kushika chochote, hata Biblia yenyewe nilikuwa naiona nzito. Nilienda kanisani nikakaa nyuma, wengine wakaimba kwa niaba yangu. Sikuanguka. Kwa nguvu zangu ningeanguka, hilo nalijua.

Na Yohana Mbatizaji je? Yeye ndiye aliyembatiza Bwana, akamwona Roho akishuka kutoka mbinguni. Alipotupwa gerezani akatuma watu waulize, "Wewe ndiwe yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" Mathayo 11. Yesu hakumkemea. Alimtumia majibu ya mambo yanayoonekana, vipofu wanapata kuona, maskini wanahubiriwa habari njema, na wale wajumbe walipoondoka akawageukia makutano akamsifu Yohana mbele yao. Yuda naye anatuagiza, "Wahurumieni wengine walio na shaka." Huo ni mstari wa 22, na ningependa wachungaji wetu waupake wino mwekundu.

Sasa nije kwenye tumbo, maana huwezi kumhubiria mtu mwenye njaa ukaruka njaa yake. Ibilisi alipomwendea Bwana jangwani, alianza na nini? Mkate. Alimkuta mtu ana njaa kweli, akamgusa hapo. Bwana akajibu kwa neno la Kumbukumbu la Torati 8, kwamba mtu hataishi kwa mkate tu. Hakusema mkate si kitu. Sura hiyo hiyo inakumbusha jinsi Mungu alivyowalisha Israeli mana. Na Mathayo anamalizia kwamba Ibilisi alipomwacha, malaika wakaja wakamtumikia. Mtu aliyekataa mkate wa Ibilisi hakuachwa afe njaa jangwani. Basi ukisimama mbali na mashua ya yule bwana na beseni lako tupu, hapo ulipo ndipo Bwana wako aliposimama. Ndiyo, hiyo ni imani. Husikii kitu, lakini miguu yako imesikia.

Kuhusu huyo mwenye mashua. Upweke si dhambi, usijipige kwa hilo. Wewe ni mjane, na Paulo amesema mume akifa mke yu huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Iko katika 1 Wakorintho 7, mstari wa 39. Kama anakujali kweli na hana mke, aje nyumbani mchana, wazee wamwone, kanisa lijue. Kama neno lake linafaa kusemwa kwa sauti ya chini kando ya pikipiki tu, umeshapata jibu. Na usibaki naye peke yako hata kwa salamu. Yusufu hakukaa kujadiliana na mke wa Potifa. Aliacha vazi mkononi mwake akakimbia.

Mlango wangu wa kutokea niliupata hapa Obunga, kwa mgongo wazi. Viwanda vya mjini vinatoa minofu ya mbuta kwa ajili ya kuuza nje, kinachobaki ni kichwa na uti wa mgongo wenye nyama yake pembeni. Sisi tunanunua, tunakaanga kwenye karai kubwa, na jioni watu wanaotoka kazini wananunua cha kula na ugali. Hapo hakuna mvuvi wa kukuchagua kwa macho. Unapanga foleni, unalipa. Sikudanganyi, ni kazi ngumu. Moshi unakula macho, mafuta yanapanda bei bila habari, na faida ni ndogo. Sikutajirika. Lakini nililea wajukuu kwa karai hilo na sikuwahi kumwinamishia mtu kichwa.

Neno la mwisho ni la kanisa lako, na kama kuna mzee wa kanisa anasoma hapa alisikie. Yakobo 2:15 na 16. Ndugu akipungukiwa na riziki, nanyi mkamwambia, "Enendeni zenu kwa amani, mkaote moto na kushiba," bila kumpa mahitaji ya mwili, yafaa nini? Kumwambia mjane afunge, na mtoto wake amekaa nyumbani kwa karo, ni maneno hayo hayo. Akina mama wa kanisa lenu wana chama, bila shaka. Nenda kwa mwenyekiti wao, umwambie wazi kama ulivyotuambia sisi. Neno jaboya ulitamke, usilizunguke.

Mvuvi, Homa Bay

Mama, mimi niko upande wa pili wa nyavu. Nimeokoka na ninaendesha mashua. Unayosema ni kweli na inatutia aibu sisi tuliookoka, kwa sababu tunaona na tunanyamaza.

Niongeze moja. Vijana wa mashua hawana mshahara. Wanalipwa kwa sehemu ya walichovua. Kwa hiyo kila mmoja ana samaki wake wa kugawa, na hapo ndipo mchezo unapoanzia. Hapa kwetu akina mama kadhaa walijiunga, wakawa wanachangia petroli ya mashua kabla haijatoka. Makubaliano yanaandikwa na kushuhudiwa na BMU, ile kamati inayosimamia ufuo, na mzigo ukifika unapimwa kwanza kwenye mizani yao kabla mtu mwingine hajashika samaki. Si kila ufuo utakubali. Lakini mama mmoja akienda peke yake anachekwa, wakienda kikundi wanasikilizwa.

Petro na wenzake walifanya kazi ya kuchosha usiku kucha wasipate kitu, Luka 5. Hizo nyavu tupu Bwana anazijua, na alizikuta zikiwa zinaoshwa.

Mwalimu, Nakuru

Mama Samaki, sitaki kuharibu mazungumzo ya watu wa imani, lakini umeuliza kwa uaminifu nami nijibu hivyo hivyo. Nililelewa kama wewe. Niliacha kanisa nikiwa chuoni, na nilipita katika usiku huo unaousema. Ulikataa kwa sababu wewe ni mwanamke mwenye heshima na unajua thamani yako. Hukuhitaji mtu wa mbinguni kwa hilo. Shida yako ni ya kiuchumi: samaki wachache, wanaume wanashika mashua, wewe huna mtaji. Ushauri wa petroli na wa mgongo wazi ni mzuri. Hayo mengine yanakuongezea mzigo, unajilaumu kwa kutosikia sauti ambayo pengine haipo. Nakutakia mema kwa moyo wote, wewe na mtoto.

Mama Samaki, Kisumu

Nimewasoma wote, wengine zaidi ya mara moja. Mungu awabariki.

Mwalimu, nakushukuru kwa kusema bila dharau. Wewe umeandika kile ninachokisikia usiku, ndiyo maana nimekaa nacho sana kabla ya kujibu. Lakini nikirudi pale kando ya pikipiki, sikukataa kwa kufanya hesabu. Ningefanya hesabu ningekubali, kwa maana hesabu zote zilikuwa upande wake: karo, kodi ya nyumba, mzigo wa kila asubuhi. Watu pia sikuwaogopa, hakuna ambaye angejua, na hata wangejua, ufuoni hakuna anayeshangaa. Heshima yangu unayoisema, mbona nilipokuwa na njaa haikunizuia kukopa kwa watu wanaonisema vibaya? Kuna kitu kilinifunga mdomo na kunipandisha kwenye ile pikipiki. Siwezi kukuthibitishia kwamba ni Mungu. Ila nikimwondoa yeye, nabaki na kukataa ambako sijui nilikataa kwa ajili ya nani.

Mtumishi, nimepokea maombi yako na nayahitaji. Lakini nimefuata la Nyanya, nimesema. Nilimweleza mama mwenyekiti wetu baada ya mazoezi ya kwaya. Nililitamka neno lenyewe. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniambia, "Hujui ni wangapi humu ndani." Hatukumaliza maneno, tutakutana tena na wengine wawili ambao yeye ndiye aliyewataja. Hilo la petroli nitalipeleka hapo, asante Mvuvi, maana nilikuwa nikidhani kila mwanamke ufuoni ni mpinzani wangu.

Nyanya, Zaburi ya 73 nimeisoma kwa sauti, mstari wa 13 nikaurudia nikilia. Nilidhani nitahisi vibaya, nikahisi kama mtu aliyetua beseni. Maombi marefu bado yananishinda. Nimechukua ya yule baba wa Marko 9 mwenye mtoto mgonjwa: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Nasema hayo tu, nalala. Yule baba alikuwa ana mashaka na mtoto wake aliponywa hata hivyo, sijui kwa nini miaka yote hii sikuwahi kuliona hilo.

Sasa naomba kuuliza la kazi. Mgongo wazi mnanunua kwa beseni ama kwa kilo? Na mtu anayeanza aanze na kiasi gani asije akapata hasara siku ya kwanza? Omena nimezoea kuanika, lakini kukaanga kwa wingi sijawahi.

Nyanya wa Obunga

Umenifurahisha, binti yangu. Huyo mwenyekiti wenu msimwache, ana mzigo wake pia.

Bei sitakuandikia hapa, inabadilika kila siku, ukija utaiona mwenyewe. Chukua kidogo kwanza, kile unachoweza kumaliza jioni moja, kwa sababu wakilala hadi kesho ladha inageuka na wateja wa kwanza hawatarudi. Chagua yenye nyama pembeni ya uti, na vichwa usivichukue vingi mpaka ujue nani anavipenda kwenu. Osha, tia chumvi, acha maji yachuruzike kabisa ndipo uweke kwenye mafuta, la sivyo yataruka yakuchome mikono. Moto uwe wa wastani. Wengi wanaoanza wanaharakisha, nje kunaungua na ndani bado kubichi.

Karai usinunue, ninalo moja silitumii. Njoo Obunga jioni yoyote isipokuwa Alhamisi, Alhamisi tuko kwenye chama cha akina mama. Uliza wanapokaanga, moshi wenyewe utakuonyesha, halafu useme umetumwa na Mungu kwa Nyanya mwenye karai mbili. Njoo na leso ya kufunga kichwa na kuni za siku moja.